Mwezi Kumi na Tatu

Daftari langu la safari ya Lamu lina kurasa sita, na leo nimezipiga kalamu nyekundu zote, mstari kwa mstari, huku Bi Mkubwa akinitazama kama anayemtazama mtoto aandikaye bismillahi kuanzia kushoto.

Nilikwenda kwake Kibokoni baada ya alasiri, na mikate ya mofa mkononi, kumpa habari. Bi Mkubwa ni binamu ya nyanya yangu. Kazaliwa Lamu, kaolewa Mombasa, na miaka yote hii bado akisema "mui", yaani mji, ana maana ya Lamu, si hapa. Nikamwambia tunakwenda siku tano: mimi, mama, na mwanangu wa miaka tisa. Akafurahi, akaniambia nimsomee. Nikasoma. Siku ya kwanza basi la alfajiri, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha boti. Siku ya pili ngomeni na kwenye makumbusho. Siku ya tatu Takwa, saa tatu asubuhi, tuwahi kabla jua halijawa kali. Hapo akainua kidole.

"Hiyo siku ya tatu ni mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe.

"Sikukuuliza ya ofisini kwenu. Mwezi ngapi?"

Nilibaki nimeshika kalamu. Ikabidi nitoe simu nitafute kalenda ya Kiislamu, mimi niliyesoma chuo cha Qurani hapo hapo Kibokoni, nyumba ya tatu kutoka kwake. Ilikuwa inaangukia mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama. Bi Mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu. "Maji mafu hayo, mwanangu, hayajai vizuri. Mtakwenda kukaa kwenye mikoko mhesabu kaa."

Kwa wasiopajua: Takwa ni mji wa kale ulioko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Watu waliuhama mwishoni mwa karne ya 17, wengi wakavukia Shela, na inasemwa visima vilikuwa vimeingia chumvi. Umebaki msikiti wenye nguzo juu ya kibla, ukuta uliouzunguka mji, na kaburi la mnara ambalo watu wa Shela bado huliendea kuomba mvua. Njia ya boti ni mkono mwembamba wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakijaa unafika karibu kabisa. Yakipwa ni tope tu, na boti yako inabaki pale ilipo.

Kumbe hesabu yake si ngumu, na ndiyo iliyonitia haya. Bamvua, yale maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwenye pwani yetu siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika hamsini, pengine pungufu kidogo. Kwa hiyo mwezi kumi na tano, saa kumi jioni. Mwezi kumi na tatu, kati ya saa nane na saa tisa mchana. Ukifika mwezi saba au nane yanajaa asubuhi, ila kujaa kwenyewe ni kwa jina, hayapandi. Bi Mkubwa, ambaye hajaingia chombo sijui tangu lini, aliyasema haya huku akimenya kitunguu. Mimi nina programu ya hali ya hewa kwenye simu inayoniambia joto la Reykjavik.

Nimerudi nyumbani nikiwaza: mimi pia ni mtu wa kisiwani. Mombasa ni kisiwa! Lakini kisiwa gani hiki unachotoka kwa daraja la Nyali huku unapanga kazi za kesho kichwani, au kwa Makupa ambako wageni hata hawajui wamevuka kitu? Kwetu bahari inakumbukwa Likoni peke yake, maji yakiwa yamekupwa sana, gati la feri linapoinama kama paa na gari ndogo zinaparuza tumbo. Hapo ndipo watu hulalamika kwamba "leo maji yako chini", kana kwamba ni kosa la mtu fulani.

Na hili la kusahau maji limetuponza zamani, tena huko huko. Miaka ya mwanzo ya 1810, jeshi la Mombasa la Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, pamoja na watu wa kisiwa cha Pate walishuka Shela kwenda kuipiga Lamu. Walipigwa wao. Na ndivyo inavyosimuliwa, walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yameshakupwa, mashua zimelala ubavu mchangani. Wakauawa pale pale ufukweni. Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikamwita Sayyid Said wa Omani, ngome ya Lamu ikamalizwa kujengwa mwaka 1821, na mambo yakazidi kuvingirika mpaka 1837 Mazrui walipoipoteza Fort Jesus yenyewe, ngome ya Mombasa. Sisemi ukoo mzima ulianguka kwa sababu ya maji kupwa. Ila Bi Mkubwa alisema, na alisema kwa raha zake zote: "Nyinyi watu wa Mvita, wa Mombasa, ndivyo mlivyo. Mwaja bila kuuliza maji." Nikamkumbusha kwamba wajukuu zake wote ni watu wa Mvita. Akasema anajua, ndiyo maana anasikitika.

Mwanangu nimemsimulia vita hivyo usiku huu na sasa hataki kusikia habari ya kuogelea. Anataka ngome ya Lamu. Nilipomwambia ilikuwa jela mpaka 1984 alinyanyuka kitandani.

Mama naye ana yake. Anachouliza ni ngazi za gatini Mokowe. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri, na maji yakiwa chini ngazi zinakuwa nyingi, za chini zina ukoga. Mimi sikuwa nimeliwazia hata kidogo. Kwenye kurasa zangu sita kuna orodha ya dawa ya mbu, kuna bajeti ya samaki, goti la mama halimo. Sasa naona mwezi kumi na moja unatufaa kufika: tukiteremka kwenye basi mchana maji bado yatakuwa juu, atavuka ubao na kuingia botini. Takwa mwezi kumi na tatu. Kurudi mwezi kumi na tano, ingawa hapo maji ya asubuhi yatakuwa yanapwa na sijapata jibu. Labda tukae siku moja zaidi. Labda mama apandishwe punda, ambalo sijamwambia.

Mwenye nyumba ya wageni amekubali kusogeza siku, hakuuliza hata sababu. Kazini ndiko kulikokuwa na shughuli. Fomu ya likizo inataka tarehe, na tarehe zangu zimepishana na za mwenzangu ambaye naye ana harusi. Bosi, mtu wa bara, mwema sana, akaniuliza kwa nini nisiende wiki niliyoomba mwanzo. Nikamwambia ni kwa ajili ya mwezi. Akafikiri nazungumzia mshahara. Nilipomfafanulia akaniuliza swali zuri: je, mwezi ukionekana siku tofauti, Mombasa hivi na kwingine vile, kama kila mwaka kwenye Idi? Nikamjibu kwamba sisi tutabishana, lakini maji hayamngoji kadhi. Akasaini.

Saa hizi ni saa nne unusu. Nimefungua ukurasa mpya na nimeandika juu kabisa miezi badala ya tarehe: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Chini yake sijajaza kitu. Mama amepita nyuma yangu, akasoma begani, akachukua kalamu na kuandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Kiti cha plastiki, cha kwenye boti." Kisha akaenda zake kulala.