Ni Kawaida

Saa nane usiku. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto umekakamaa kama gogo, na nimeuma pembe ya shuka ili nisipige kelele. Mume wangu ameshazoea. Bila hata kuwasha taa anapapasa mpaka ashike unyayo, anavikunja vidole kuja juu, taratibu, mpaka shavu la mguu linaachia. Halafu anageukia ukutani na kukoroma kabla sijaurudisha mguu kitandani. Mimi ndiyo basi tena. Usingizi umeshakimbia, na kibofu nacho kimekumbuka kazi yake.

Hii ni wiki ya 31, mimba ya pili, na kuna neno moja limenichosha kuliko hata mgongo: kawaida. Nikisema nyonga zinauma nikipanda ngazi, ni kawaida. Kiungulia kinanipanda mpaka kooni, kawaida. Choo kigumu tangu nianze vidonge vya madini chuma? Nesi aliniambia ni kawaida bila kuinua kichwa kwenye daftari lake, kalamu ikiendelea kutembea. Sisemi alikosea. Najua homoni ya projesteroni hulegeza misuli, ukiwemo ule unaofunga mlango wa juu wa tumbo la chakula, ndiyo maana tindikali inapanda. Najua na mji wa mimba unakua unasukuma kila kitu juu. Ila kujua moto umewashwa na nani hakuuzimi.

Miezi ya kwanza ndiyo ilikuwa vita. Wanakiita kichefuchefu cha asubuhi, lakini changu hakikuwa na saa. Asubuhi kilinikuta na mswaki mdomoni, jioni kilinifuata mlangoni mume wangu akiingia, kwa sababu sabuni anayoogea, ile ile ya miaka yote, ghafla ilininukia kama chuma kilicholowa. Sikumwambia. Utamwambiaje mtu kwamba hukai naye chumba kimoja kwa sababu ameoga? Siku moja nikakuta bafuni kuna kipande cha sabuni nyeupe isiyo na harufu yoyote. Naye hakusema kitu. Mpaka leo hatujawahi kuizungumza sabuni ile, na nadhani ndiyo zawadi niliyoipenda kuliko zote alizowahi kunipa.

Wifi yangu yeye alisema nadeka. Yeye alibeba mimba tatu na hakutapika hata tone. Basi nikaja kusoma kwamba mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kichefuchefu kikali kinahusiana na homoni iitwayo GDF15, inayozalishwa kwa wingi na kondo na kijusi, na kwamba anayeumia zaidi ni yule ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya kushika mimba. Nilishika simu nimpigie wifi nimsomee neno kwa neno. Nikaiweka chini. Nilihitaji kwenda kutapika.

Mimba ya kwanza nilikuwa nalala mchana. Naiandika sentensi hii kama mtu anayesimulia utajiri aliowahi kuwa nao. Safari hii kuna binti wa miaka minne ndani ya nyumba, na yeye hajui habari za wiki ya ngapi. Anachojua ni kwamba mama alikuwa anambeba na sasa hambebi. Wiki iliyopita alisimama katikati ya sebule, mikono juu, "Mama, nibebe," na nikajibu siwezi, mgongo. Hakulia. Alishusha mikono polepole, mmoja kisha mwingine, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikashuka mimi chini, kwanza goti, kisha mkono, kisha makalio, zoezi la dakika nzima, akaja kujibana kwenye paja lililobaki. Paja lenyewe ni kama robo tu, sehemu nyingine yote imeshachukuliwa. Tulikaa pale sakafuni mpaka baba yake akarudi na kuniinua, maana kuinuka peke yangu nilishindwa.

Tangu siku hiyo amejipa cheo. Yeye ndiye wa viatu. Mimi miguu yangu sijaiona nikiwa nimesimama kwa muda sasa, kwa hiyo kila asubuhi anachuchumaa mbele yangu, ulimi nje, anavifunga vile vikanda. Mara nyingi kushoto anaweka kulia. Naenda hivyo hivyo mpaka nje ya mlango.

Kuhusu kawaida, kuna jambo lazima nilikiri. Wiki mbili zilizopita kichwa kiliniuma siku mbili mfululizo, pete ikagoma kutoka kidoleni, na aliyesema "ni kawaida" safari hii nilikuwa mimi. Nilisema kwa sauti ile ile ya nesi. Mume wangu akaniuliza, "Kawaida kwa nani?" na akaenda kutafuta funguo. Nilikasirika njia nzima, kwa sababu nguo zilikuwa kwenye maji na mtoto hajaogeshwa.

Mkunga aliyenipokea alipima presha, akasubiri, akapima tena, akapima na mkojo kuona kama una protini. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akavuta kiti akakaa, kitu ambacho sikukizoea, akanihesabia kwa vidole: kichwa kinachouma na hakiachi, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu. Mimba ikishavuka wiki 20, ukiona mojawapo usingoje siku ya kliniki, njoo muda huo huo, kwa sababu kifafa cha mimba huwa kinaanza na presha ambayo mwenyewe huisikii. Nilirudi nyumbani nusu nimefarijika, nusu naona aibu. Mume wangu, kwa heshima yake, hakusema neno. Alifua.

Kulala sasa ni ujenzi. Kuanzia wiki ya 28 wanatushauri tulale ubavu, maana ukilala chali mji wa mimba unagandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kwa hiyo nina mto kati ya magoti, mto chini ya tumbo, mto wa kukumbatia, na wa kichwani nimeuinua kwa ajili ya kiungulia. Mume wangu amebaki na upana wa ubao wa kupigia pasi.

Na saa kumi alfajiri, kama saa iliyotegwa, binti yetu anaingia. Hasemi kitu. Anatupa mto mmoja chini, anapenya, anageuka, mgongo wake unaegemea tumboni kwangu. Aliye ndani naye ndiyo muda wake wa kuamka. Leo alipiga teke moja zito, nikaona kabisa mgongo mdogo ukishtuka.

"Mama," akasema macho yamefumba, "mwambie aache."

Nimemwambia. Hasikii.