Kesi ya mtoto hufia nyumbani: ninavyoizuia isife

Nilipoajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: "Ukishaifikisha kesi Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, mtoto akajaziwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, wewe umemaliza." Hadi leo vijana wanaoripoti halmashauri wanaambiwa maneno hayohayo, tena na watu wenye vyeo, na kila nikiyasikia damu inanichemka.

Katika kesi za ukatili wa kingono nilizofuatilia miaka yote hii huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, nyingi zilizokufa hazikufia mahakamani. Zilifia nyumbani, katikati ya siku mtoto aliposema na siku alipoitwa kutoa ushahidi. Mzazi anaitwa pembeni, wazee wanakaa, ng'ombe wawili wanatajwa, mtoto "anakwenda kusalimia" kwa ndugu mkoa mwingine. Siku ya kesi Wakili wa Serikali anasimama hana shahidi. Inaahirishwa, inaahirishwa tena, mwisho inaondolewa. Kisha watu mtaani wanasema mahakama zinawaachia wabakaji.

Nitaeleza kesi moja kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachokijua. Mambo ya pembeni nimeyabadili ili mtoto asitambulike.

Binti alikuwa darasa la sita. Aliyegundua ni mwalimu wake wa darasa. Mtoto aliyekuwa kinara wa mchezo wa rede alianza kukaa peke yake wakati wa mapumziko, na saa ya kutoka anatafuta kila sababu ya kubaki shuleni: kufagia darasa, kumwagilia maua, kuosha vikombe vya walimu. Mwalimu hakumhoji. Alimuuliza tu kama kuna jambo linamsumbua nyumbani. Mtoto akamtaja mtu. Mwalimu akaiandika sentensi ile kwenye daftari lake vilevile ilivyotoka mdomoni, na tarehe juu, kisha akamfuata mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwananchi mwenye taarifa za namna hii azifikishe mamlaka ya serikali za mitaa, lakini wangapi wanafanya? Na lile daftari lilikuja kuwa na kazi kubwa, maana mahakama zetu huupa uzito ushahidi wa mtu aliyemtaja mtuhumiwa mapema, mara tu alipopata nafasi.

Mtuhumiwa alikuwa mnunuzi wa mpunga. Anakopesha mbolea, anakopesha fedha za vibarua, nusu ya kijiji wana deni lake, mama wa mtoto akiwemo. Msimu wa mavuno alikuwa akifikia nyumbani kwao, watoto wanamwita mjomba.

Mkubwa mmoja kazini akashauri twende na gari la polisi na askari wenye sare, "ili waone Serikali imefika." Tukaenda. Watoto walilikimbilia gari tangu njia panda, na kabla hatujashuka viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa uani, mwenyekiti wa kitongoji amekaa, wazee wamekaa. Mtoto akaitwa akasimama katikati. Askari akamuuliza mbele ya kadamnasi, "Ni kweli fulani amekufanyia jambo baya?" Mtoto akaangalia miguu ya mama yake. "Hapana." Askari akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Hapana." Tulipokuwa garini mkubwa wetu alishaifunga: hakuna kitu pale, mwalimu ana visa vyake. Anayesema hivyo kirahisi hajausoma utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ulioonyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto ukimuuliza mbele ya watu wanaomlisha, jibu ni hapana. Na ukirudia swali lilelile, anadhani la kwanza alikosea, anatafuta jibu lingine la kukuridhisha. Kwa hiyo kurudiarudia kunaharibu pande zote mbili: mwenye ukweli anaufuta, asiye na kitu anakitunga. Niliomba lile jalada nilibebe mwenyewe.

Nilirudi kwa bodaboda, elfu nane au kumi hivi kwenda na kurudi, kutoka mfukoni. Siku niliichagua kwa makusudi: siku ya mnada, watu wazima wote hawapo. Nilikuwa na koplo wa Dawati, mwanamke mwenye utulivu mkubwa, amevaa gauni la kitenge. Hatukugusa nyumbani kwa mtoto, tulinyoosha shuleni. Mwalimu mkuu akatupa stoo ya vitabu, tukatandika mkeka, tukakaa chini wote watatu. Pipi wala soda hatukumpa. Ukimpa mtoto kitu kabla ya mahojiano, wakili wa utetezi atakuja kusema umemnunua.

Nilianza kwa kumwambia kwamba asichokijua aseme hakijui, na nikikosea anisahihishe. Halafu nikampima. "Kwa hiyo una kaka watatu?" Nilijua anao wawili. "Wawili," akasema. Nikamshukuru. Mtoto anayeweza kukukatalia kwenye idadi ya kaka zake ataweza kukukatalia kwenye mambo mazito, na hapo ndipo unapojua kwamba atakachosema kitakuwa chake.

Kisha nikamwambia, "Sisi kwetu rede tulikuwa tunacheza kwa namna yetu. Nyie huku mnachezaje? Nieleze tangu mwanzo mpaka mwisho, usiruke kitu." Akabadilika uso. Akapanga vizibo vya soda kwenye mkeka: huyu anarusha huku, huyu kule, wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa na anakwepa mpira. Akaeleza nani anatoka, nani anaokoa, chupa ikianguka inakuwaje. Nilimwacha amalize yote, kwa sababu alikuwa anajifunza bila kujua namna ya kunisimulia jambo kwa mpangilio, na koplo alikuwa anasikia jinsi anavyozungumza. Alipomaliza nikasema, "Umeeleza vizuri sana. Sasa yale uliyomwambia mwalimu, nieleze hivyohivyo."

Akanyamaza. Na sisi tukanyamaza. Vijana wengi kimya hiki kinawashinda, wanakijaza kwa swali, na swali linakuwa limebeba jibu ndani yake. Tulisikia kengele ya kipindi ikigongwa, tukasikia darasa la jirani wakiimba jedwali la saba, naye bado kimya. Halafu akaanza. Kwa muda mrefu maneno yangu yalikuwa "Halafu?" na "Ikawaje?" tu. Koplo aliandika maneno ya mtoto, hakuyageuza kuwa Kiswahili cha kituoni. Aliyosema sitayaandika hapa.

Tarehe hakuijua, na hakuna mtoto wa darasa la sita kijijini anayeijua. Nilimuuliza siku ile watu wazima walikuwa wapi. "Mnadani." Na shuleni wiki ile walifanya nini? "Mtihani wa nusu muhula, siku ya hesabu." Mwalimu akafungua ratiba, tarehe ikapatikana. Ukiliona hili dogo, kasome hukumu. Hati ya mashtaka ikitaja mwezi mmoja na mtoto akataja mwingine, utetezi unapitia hapohapo.

Hospitali, maelezo ya mashahidi na kumkamata mtu, hayo kila mmoja wetu anayajua. Nitasema tu kwamba tukio likiwa jipya, hospitali ndiyo ya kwanza, ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU, na nguo zinawekwa kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki unafuga unyevu na unaharibu ushahidi.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mama wa mtoto alikuja ofisini, macho yamevimba. "Dada, naomba tuifute. Mimi nimeshasamehe." Jibu la kawaida ni kumwambia kesi si yake, mshtaki ni Jamhuri, akiingilia atafungwa. Kisheria ni kweli, lakini mama ndiye anayeamua mtoto atalala wapi kesho. Ukimtisha, anakubali yote mbele yako, anaondoka, na hutamwona mtoto tena. Wenzangu walimtisha kabla yangu.

Likizo ya Desemba ikapita, shule zikafunguliwa, binti hayupo. "Amekwenda kumsalimia mama yake mkubwa." Wapi? "Mbali." Simu zimezimwa. Ikaletwa hoja kwamba mwalimu mkuu akatae kutoa uhamisho, ili mama abanwe arudi na mtoto. Nilipinga kwa nguvu. Mtoto wa namna hiyo akikosa uhamisho harudi. Anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na hapo umempoteza wewe, umempotezea na shule.

Nilichofanya ni kinyume chake. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake ya PReM, kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Binti alikuwa ameingia darasa la saba, na kule alikofichwa asingeweza kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho bila kuhamishwa kwenye mfumo. Nikajua ndugu watamficha kwa kila mtu isipokuwa mwalimu wa shule mpya, kwa sababu hata wao walitaka afanye mtihani. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Ombi likija usilikatae. Nipigie tu unitajie limetoka shule gani." Nikasubiri. Kazini walinicheka, wakasema nimekaa kusubiri kompyuta imkamatie shahidi. Kabla usajili haujafungwa simu ikaita: shule ya mkoa jirani, kata imetajwa, na mtaa. Sikutuma gari. Nilimpigia afisa ustawi mwenzangu wa wilaya ile, akaenda shuleni akamkuta binti darasani, mzima, na daftari jipya la hesabu.

Kumpata ni jambo moja. Akae wapi hadi siku ya ushahidi? Hapa nina swali langu ambalo huliuliza kila familia: nani kati yenu hana deni na yule bwana? Wote walimtaja mtu mmoja, bibi mzaa mama, kijiji cha tatu kutoka pale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari za mjukuu wangu. Mbona umechelewa?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia rasmi, lakini alikuwa anajua yote. Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Ndani yake, ndani ya mfuko wa nailoni, ilikuwamo kadi ya kliniki ya yule binti yenye tarehe yake ya kuzaliwa, ile ambayo mama alisema imepotea. Nilikaribia kumbusu mkono. Kwa binti chini ya miaka 18 sheria haiulizi kama aliridhia, na kwa sababu hiyohiyo umri lazima uthibitishwe. Mahakama haiukisii kwa kumtazama mtoto. Nimeona mashauri mazuri yakianguka kwa kukosa kadi kama ile. Tukapeleka maombi, akakabidhiwa kwa bibi kwa amri ya mahakama. Pasipo na bibi kuna familia za kuaminika zilizoorodheshwa na halmashauri. Makao ya watoto kwangu ni ya mwisho kabisa.

Kwa mama nilirudi bila polisi. Niliuliza anadaiwa kiasi gani. Laki tatu na ushee, na shamba limewekwa rehani. Hakuna aliyewahi kumuuliza! Niliongea na kina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa pale kijijini, wakamkopesha kwa masharti yao ya kawaida, akalipa mbele ya mtendaji na hati ya shamba ikarudi. Sikumwomba chochote. Siku ya kesi alikuja mahakamani kwa nauli yake.

Binti sikumkaririsha hata neno. Nilimpeleka Mahakama ya Wilaya siku isiyo na kesi, akaona kiti cha hakimu, akaona atakaposimama, akaniuliza choo kiko wapi. Nilimweleza kwamba ataulizwa kama anaahidi kusema ukweli na si uongo, kwa kuwa tangu marekebisho ya 2016 mtoto wa miaka 14 kushuka chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo kwa kuahidi hivyo. Shauri lilisikilizwa faragha. Wakili wa utetezi alimbana ataje nani alimfundisha maneno yale. "Hakuna. Yule mama alikuwa anasema 'halafu' tu."

Mshtakiwa alihukumiwa miaka 30. Alikata rufaa Mahakama Kuu, na hoja zake zilikuwa zilezile nilizozitarajia: umri haukuthibitishwa, tarehe zinapishana, mtoto amefundishwa. Jaji alipitia kadi ya kliniki, ratiba ya mtihani na daftari la mwalimu, akaitupa rufaa. Binti alifanya mtihani wa darasa la saba akiwa kwa bibi yake, akachaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Mama yake ndiye aliyempeleka kununua sare.