Mapengo kumi: kumbukumbu ya mradi wangu na watahiniwa wa kidato cha nne

Januari

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya, ina alama 60 na hufanywa kwa saa mbili. Swali la kwanza ni uandishi wa kiuamilifu, alama 20. La tatu ni la matamshi, mashairi simulizi na mazungumzo, alama 30. Katikati pana kifungu kifupi chenye mapengo kumi, na kila pengo lina alama moja. Wanafunzi wanaokuja kibandani kwangu kutoa kopi za karatasi zilizopita wana mazoea ya kulijaza swali hilo wakiwa wamesimama pale pale kwenye foleni, huku wanapiga soga. Wakishasahihishiwa wanapata nne, tano kwa bahati, na wanasema klozi, yaani hilo swali la kujaza mapengo, ni ya kubahatisha.

Siyo ya kubahatisha. Ndiyo maana nimeanza mradi huu na mpwa wangu, aliye kidato cha nne, pamoja na wenzake wachache wa hapa mtaani Likoni, Mombasa. Nataka wafike Novemba wakiwa wanaliheshimu swali hilo.

Nilichokiona mapema ni njia ya kalamu yao. Inatembea kutoka pengo hadi pengo. Wanasoma mpaka penye nafasi, wanasimama, wanajaza, wanasonga. Nafikiri ni urithi wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023. Kule kila pengo lilikuwa na majibu manne chini yake, ukachagua. Huku hakuna A wala B, kwa hiyo msaada wote umo ndani ya kifungu, na mara nyingi umo mbele ya pengo, mahali ambapo jicho halijafika. Kwa sababu hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba kalamu inabaki mezani mpaka kifungu kisomwe chote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti.

Machi

Nimesoma kuhusu chanzo cha zoezi lenyewe na limenipa wazo. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor aliandika juu ya njia ya kupima kama maandishi ni mepesi au magumu kwa wasomaji: unafuta maneno kwa mpangilio usiobadilika, tuseme kila neno la tano, kisha unaona watu wanaweza kuyarudisha mangapi. Yaani mwanzoni kilichopimwa kilikuwa maandishi, siyo mwanafunzi.

Nikajaribu. Nilichukua habari za gazeti la Kiingereza, nikafuta kila neno la saba, nikawapa. Mapengo mengine yakaangukia majina ya watu na tarehe, ambayo hakuna awezaye kuyajua kwa kusoma tu. Ukiona "born in ______" bila dokezo lolote, hapo hakuna stadi inayopimwa. Lakini zoezi lilinifaa kwa jambo moja: lilinionyesha habari zipi ziko kiwango chao na zipi zimewazidi. Habari za michezo walizirudisha vizuri. Za uchumi ziliwagonga.

Ukizitazama karatasi zilizopita utaona watunzi hawafuti kwa kuhesabu. Wanachagua. Kila pengo limewekwa penye kitu cha kupimwa: kihusishi, kiunganishi, kiwakilishi, kitenzi kinachopaswa kupatana na nomino yake, au neno lililozoea kuandamana na jingine. Tangu hapo natunga vifungu vyangu mwenyewe, na natunga kuhusu mambo wanayoyajua. Nia ni kwamba mtoto asikwame kwenye habari yenyewe. Akikwama, akwame kwenye lugha, ndipo nijue pa kumsaidia.

Likizo ya Aprili

Wiki hizi ndizo tulizofaidi. Naweka hapa sehemu ya kifungu cha feri, kwa sababu kimezaa mjadala kuliko vyote:

"The ferry was already full, ______ people kept running down the ramp. A woman with a basket ______ fish on her head shouted ______ the boys to move. Nobody listened to ______. When the gate finally closed, those who had been left ______ sat down to wait for the next one."

Pengo la kwanza, mmoja wao aliandika "because". Mwingine "and". Mpwa wangu akasema, "Mjomba, 'and' inaingia, sentensi haivunjiki." Ni kweli haivunjiki. Lakini maagizo ya mtihani hayaombi neno linaloingia tu, yanaomba linalofaa zaidi. Nikawaambia watafute neno ndani ya sentensi ile linalodokeza jambo. Wakatulia. Kisha msichana mmoja aliyekuwa kimya tangu tuanze akaweka kidole kwenye "already". Kama feri imeshajaa, kukimbia kuna maana gani? Basi hapo pana mgongano, na mgongano unataka "yet" au "but". "Because" inaupindua ukweli: watu hawakimbii ndiyo feri ijae, na feri kujaa siyo sababu ya kukimbia. Ile "already" na ile "kept", kila moja upande wake wa pengo, zilikuwa zinasema jibu muda wote.

Pengo la pili hakuna aliyelikosa. La tatu lilikubali "at" na "for", nikazipa zote alama, kwa kuwa sipendi kumfunza mtoto kwamba kila pengo lina mlango mmoja. La nne lilinionyesha kitu. Mvulana mmoja aliandika "them", akidhani ni wale vijana. Alikuwa amesoma neno lililo karibu, "boys", akalishika hilo. Tukafuata mshale nyuma: aliyepiga kelele ni nani? Ni mwanamke. Asiyesikilizwa ni nani? Ni huyo huyo. Sasa kila kiwakilishi wanakichorea mstari kwa penseli hadi kwa mwenyewe. La tano, "behind", alilipata mpwa wangu peke yake, na alipoulizwa alijibu kwamba amelisikia mara nyingi redioni. Hilo halifundishiki kwa kanuni. "Left behind", "in spite of", "look forward to", maneno haya huingia kichwani kwa kusoma na kusikia sana, na ndiyo sababu nimeanza kuwapa ukurasa mmoja wa hadithi kila wanapokuja, wasome tu, bila swali lolote.

Juni

Kuna makosa ambayo si ya uvivu. Yanatoka kwenye Kiswahili chetu, na nimeamua kuyashughulikia waziwazi badala ya kuwakaripia.

Kwanza, ingawa na lakini. Sisi husema "ingawa amechoka, lakini atakuja" na hakuna anayeshangaa. Kiingereza kikishatumia "although" mwanzoni, hakitaki "but" baada ya mkato. Nilipowapa "Although the rains came early, ______ farmers were not ready", karibu wote walijaza "but" bila kusita. Ukisoma tena, pengo hilo linasubiri neno la kuandamana na "farmers": "the", au "many", au "most". Sasa tunaufahamu mtego huo kwa jina, tunauita mkato wa although.

Pili, hizo "a" na "the". Kiswahili hakizihitaji, kwa hiyo jicho la Mswahili halioni kwamba kuna kitu kimekosekana. "He bought a bicycle. ______ bicycle was old" wanaisoma ikiwa imekamilika na wanatafuta kivumishi kikubwa cha kuipamba. Dawa niliyoipata ni kuuliza swali moja kwa Kiswahili: ni baiskeli yoyote, au ile tuliyokwisha kuitaja? Wakijibu "ile", mkono unaandika "The" wenyewe. Na iwe kwa herufi kubwa, maana sentensi inaanza hapo.

Tatu, ile -ni yetu ya mahali. Nyumbani, mezani, shuleni: tamko moja kwetu, "at", "on" na "in" kwao. Hapa sijaona njia ya mkato. Tunakariri kwa mifano, tunarudia.

Jambo lililonifurahisha mwezi huu ni kwamba istilahi za somo la Kiswahili zinasaidia sana. Kabla ya kujaza, kila mmoja anaandika pembeni aina ya neno: kiunganishi, nomino, kitenzi. Wanazijua barabara kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza, na zinafanya kazi ile ile. Mtu akishaandika "kitenzi" pembeni ya "One of the boys ______ absent", kinachobaki ni kuuliza kinapatana na "one" au na "boys". Yule msichana mkimya ndiye sasa anayewaeleza wenzake hilo.

Agosti, baada ya moko

Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio kabla ya KCSE, yametoka. Hakuna aliyepata chini ya sita katika mapengo, na msichana wetu amepata tisa. Aliyoikosa ilikuwa tahajia: alijua "which", akaandika bila "h" ya kwanza. Alama haipo. Imeniuma kumwona, kwa sababu kazi ngumu alishaifanya, na tangu siku hiyo kila zoezi linaishia na kusoma herufi moja moja.

Tumezungumza pia juu ya muda. Saa mbili kwa alama 60 ni dakika mbili kwa kila alama, kwa hiyo mapengo kumi yana haki ya dakika ishirini. Wengi wa shuleni kwao huyapa tano. Nimewaambia dakika za mwanzo zote ziende kwenye kusoma tu, kisha za mwisho kwenye kusoma kifungu kilichojazwa, kimoyomoyo lakini neno kwa neno, maana chumba cha mtihani hakina ruhusa ya sauti.

Kazi ya sasa imegeuka upande: wao ndio wanaotunga. Kila mmoja anachagua aya, anafuta maneno matano, na lazima aweze kutuonyesha ndani ya aya hiyo hiyo dokezo la kila pengo. Pengo lisilo na dokezo linakataliwa na kikao. Mpwa wangu ameleta aya kuhusu daraja la kuelea la Liwatoni, amefuta "nor", na wenzake wamebishana naye tangu adhuhuri kama "neither" iliyo mistari miwili juu inatosha kuwa dokezo. Mimi nasema inatosha. Wiki ijayo tunaanza vifungu ambavyo pengo moja linategemea jibu la jingine, na kopi zake nimeshazitoa.