Nilivyoandika mwongozo wa sauti ya kompyuta kwa wapiga ngoma wa Bagamoyo

Ukurasa wa kwanza wa mwongozo wangu una swali moja tu, kwa herufi kubwa: Unasikia nini? Chini yake kuna majibu manne. Sisikii kitu. Nasikia, ila sauti inakatikakatika. Nasikia, ila inachelewa. Nasikia vizuri, ila hairekodi. Kila jibu lina ukurasa wake, na msomaji anakwenda huko moja kwa moja. Hakuna mahali anapolazimika kujua Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, ni nini kabla hajapata sauti yake.

Nimeuandika kwa ajili ya vikundi vya ngoma vya hapa Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, leo ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na waliosoma pale hawaondoki wote. Ndio mji alioishi mwanamuziki Hukwe Zawose na ilimba yake, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, hadi alipofariki mwaka 2003. Watu wa namna hii wana muziki mwingi kuliko pesa. Laptop zao ni za mtumba, na programu ya kurekodi ya kulipia ni gharama wasiyoiweza. Linux na Ardour, programu ya kurekodi, vinapatikana bila malipo na vinafanya kazi ya studio kweli. Kinachowakwamisha ni maelezo.

Miongozo mingi iliyopo imeandikwa kwa Kiingereza, na watu wa fani kwa watu wa fani. Inaanzia chini kabisa ya programu za sauti za Linux, kwenye ALSA inayozungumza na kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza na kutoa sauti), inapanda hadi PulseAudio ya matumizi ya kila siku, kisha JACK ya wanamuziki, kazi ya Paul Davis ambaye ndiye pia aliyeianzisha Ardour. Siku hizi PipeWire, ambayo mwanzilishi wake ni Wim Taymans, inafanya kazi za PulseAudio na JACK kwa pamoja. Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliichukua mwaka 2021 na Ubuntu, toleo jingine, ikafuata mwaka 2022. Maandishi ya zamani bado yamejaa mtandaoni. Mtu akinakili amri za zama za JACK kwenye mashine yenye PipeWire, anaweza kukuta seva mbili, yaani programu mbili za kusimamia sauti, zinagombea kadi moja na sauti yote imepotea. Kwa hiyo nilichagua mfumo mmoja, Ubuntu Studio 24.04, nikauandika juu ya ukurasa wa kwanza, na sikugusa mwingine. Mwongozo unaojaribu kuhudumia kila mashine humwachia msomaji kazi ya kuchambua, na msomaji huyu ana ngoma ya kurekodi.

Nilipokuwa na rasimu nilimpelekea mzee mmoja mpiga ngoma anayeongoza kikundi chake Magomeni. Nilimwamkia, nikamkabidhi karatasi, nikakaa pembeni na penseli bila kumsaidia lolote. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko kuandika. Kidole chake kiliposimama, niliweka alama. Mahali pamoja aliinua macho: “Mwanangu, hapa umesema nihakikishe kadi imetambulika. Nitahakikishaje?”

Sentensi hiyo sasa inasomeka hivi: “Andika arecord -l kisha bonyeza Enter. Ukiona jina la kadi yako, nenda ukurasa wa 4. Usipoliona, chomoa waya wa USB, uchomeke tundu jingine, urudie.” Nikapitia mwongozo wote kwa jicho hilo. Kila hatua inataja cha kufanya, kitakachoonekana au kusikika, na pa kwenda kama hakikuonekana. Ukurasa wa ukimya, kwa mfano, unamwambia afungue alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, abonyeze F6 achague kadi, kisha atazame chini ya kila mstari. Akiona MM, mstari umezimwa; abonyeze M mpaka pageuke OO. Sikueleza kwa nini. Akishasikia sauti atakuwa na utulivu wa kuuliza.

Ukurasa ulionipa kazi kubwa ni wa sauti inayochelewa. Mpiga ngoma akisikia pigo lake kwenye hedifoni likija nyuma ya mkono wake, anapunguza mwendo bila kujua na kikundi chote kinaharibika. Kompyuta haipokei sauti kama maji ya bomba. Inakusanya sampuli, vipande vidogo sana vya sauti, kwenye bafa, yaani ghala la muda, kisha inazishughulikia kwa mkupuo. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni kama milisekunde 21. Milisekunde haimwambii kitu mtu aliyezoea mkwaju na ngozi. Sauti hewani husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, nikapiga hesabu: bafa hiyo peke yake ni sawa na kusikiliza ngoma yako ukiwa umesimama mita saba kutoka ilipo. Bafa ya 256 ni chini ya mita mbili. Mzee aliposoma hapo alicheka, akasema mita saba huwezi kuongoza mchezo. Tangu hapo aliifahamu bafa kuliko vijana wengi wenye vyeti.

Kisha ukurasa unatoa amri ya kuweka bafa ya 256: pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256. Papo hapo, mstari wa pili, amri ya kurudisha hali ya mwanzo: ileile, ila mwishoni weka 0. Naamini sana katika mstari huo wa pili. Mtu asiyejua njia ya kurudi hajaribu kitu, au anajaribu na kuogopa kuzima mashine. Ukurasa unaonya pia kwamba bafa ikiwa ndogo mno kompyuta kuukuu inazidiwa na sauti inaanza kukatikakatika, hivyo 256 ni ya kurekodi na 1024 ni ya kuchanganya nyimbo baadaye. Na juu ya yote hayo nimeweka ushauri rahisi zaidi: kama kadi yako ya USB ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, tumia hicho kwanza, kwa kuwa sauti unayoisikia haitapitia kompyuta kabisa.

Picha za skrini sikuweka. Zinazeeka kila toleo jipya likitoka, na zikichapwa kwa wino mweusi hazisomeki. Badala yake nimechora kwa kalamu kadi ilivyo mbele na nyuma, waya upi unaingia wapi, na swichi ya volti 48 kwa maiki zinazoihitaji. Historia ya ALSA na mambo ya kiini cha Linux yako ukurasa wa mwisho, kwa anayependa.

Faili lenyewe ni la maandishi matupu, na nimewaruhusu vikundi wabadilishe watakavyo. Ombi langu kwao ni moja: amri yoyote mpya ijaribiwe baada ya kuzima mashine na kuiwasha tena, maana kadi iliyokuwa namba 1 jana inaweza kuamka namba 2 leo, na amri iliyoandikwa kwa namba badala ya jina la kadi itakataa.