Daftari la Jumamosi

Vigingi vya kupimia ardhi, vyenye rangi nyekundu, ndivyo vilivyonitoa nyumbani. Nilikuwa nashuka mtoni kwa njia ya ng'ombe, njia ninayoijua tangu utotoni, nikavikuta vimepangwa mstari mmoja hadi barabarani, katikati ya miti. Msitu wetu ni mdogo, kipande cha msitu wa serikali katika kaunti ya Kiambu. Jina lake naliacha kwa sasa, maana kuna barua zetu ambazo hazijajibiwa.

Jioni hiyo majirani waliniambia ninyamaze. Sikuwalaumu. Nilikuwa mtoto wa shule tarehe 8 Januari 1999, siku Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipopigwa hadi akapasuliwa kichwa pale msitu wa Karura, Nairobi, yeye na wenzake wakiwa wamekwenda kupanda miti kwenye ardhi ya umma iliyogawiwa watu binafsi. Baba alisikiliza habari hiyo redioni, akaizima, akatuambia mambo ya ardhi hayana mwenyewe. Wengi wetu huku tumekua na sauti kama hiyo masikioni.

Lakini ni Karura hiyo hiyo iliyonipa njia. Binamu yangu anayeishi Nairobi alinipeleka huko Jumapili moja. Ni zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji, na zamani mtu mwenye akili zake hakuingia, kwa hofu ya majambazi. Mwaka 2009 wakazi waliunda chama chao cha msitu, Friends of Karura, wakaanza kushirikiana na Huduma ya Misitu (KFS). Uzio ukajengwa, njia zikafunguliwa, vijana wa mtaa wa Huruma ulio jirani wakapata kazi ya uskauti, yaani kulinda msitu. Nilikuta akina mama na watoto wao kwenye maporomoko, wazee wakitembea polepole, vijana kwa baiskeli. Kilichonishika zaidi kilikuwa langoni: kila anayeingia anahesabiwa. Nikamwuliza msichana wa tiketi kwa nini wanahesabu. Akaniambia, "Mama, usipohesabu watu, atakuja mtu aseme hapa hakuna watu."

Niliporudi nilinunua daftari gumu la kurasa 200 na kalamu mbili. Jumamosi ya kwanza tulikuwa wanne, mimi na wanawake watatu wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Tulitembea kutoka daraja la chini hadi kwenye mti mkubwa wa mugumo, tukakaa, tukanywa chai ya chupa, tukarudi. Niliandika: "Leo tumekuja wengi." Kaka mmoja wa mtaani aliyesomea sheria aliniambia hilo halitasaidia popote. Akanichorea mistari: tarehe, jina, kijiji, saa ya kuingia, saa ya kutoka, amekuja kufanya nini. Tangu hapo sikuruka hata safu moja.

Safu ile ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho. Nilidhani nitaandika "kutembea, kutembea, kutembea". Kumbe kuna mzee anayekuja kila wiki kwa sababu daktari alimwambia atembeze miguu. Kuna kwaya ya vijana inayofanyia mazoezi chini ya miti kwa kuwa nyumba zao hazina nafasi. Kuna mwalimu aliyeleta darasa zima kujifunza majani ya miti, na shosho (bibi) mmoja ambaye huja kusali peke yake kwenye mugumo, akaniomba niandike "maombi" tu na si zaidi. Watu hawa wote walikuwa humu siku zote. Hatukuwa tumewaona.

Kuhusu mpaka, nilikwenda kituo cha msitu nikaomba kuonyeshwa ramani. Afisa alinikubalia, nikanakili idadi ya bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, na umbali kati yake. Kisha nikamtafuta guka (babu) mmoja ambaye enzi za kilimo cha msituni alipewa kipande cha kupanda mahindi huku akitunza miche ya serikali. Nilimwuliza, "Guka, bikoni unazikumbuka?" Akachukua fimbo na panga, akatangulia. Siku tatu tulikata vichaka vya lantana. Bikoni nyingine zilikuwa wazi, mbili zilikuwa zimefunikwa na udongo, moja ilikuwa ndani ya shamba la mtu ambaye, nashukuru, hakutugombeza, alitupa maji ya kunywa. Tulipomaliza ilikuwa dhahiri: vigingi vyekundu viko mita nyingi ndani ya msitu.

Ndipo tangazo likabandikwa ofisini kwa chifu. Kampuni fulani ilitaka kujenga hoteli na maegesho upande ule, na wananchi walipewa siku 30 kutoa maoni kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya uchungu mtupu. Yule kaka wa sheria aliisoma, akairudisha, akanifungulia Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kifungu cha 34. Anayetaka mpaka wa msitu wa umma ubadilishwe hupeleka ombi bungeni, na ni juu yake kuonyesha kwamba mabadiliko hayo hayatahatarisha viumbe adimu, hayatadhuru vyanzo vya maji, wala hayataathiri matumizi ya msitu kwa elimu, burudani, afya au utafiti.

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikiwa nimeshika daftari. Elimu ni darasa la mwalimu. Afya ni yule mzee wa miguu. Burudani ni kwaya, ni sisi na chai yetu. Sheria ilikuwa inauliza maswali ambayo kurasa zangu zilikuwa tayari zimeyajibu, kwa majina na saa.

Barua ya pili ilikuwa kurasa mbili: bikoni, chemchemi mbili zinazolisha mto wetu, na hesabu ya miezi saba ya Jumamosi. Katika baraza la maoni mikono yangu ilitetemeka, lakini niliposoma safu zile watu walianza kusimama wenyewe. Mzee alisema, "Huyo ni mimi." Mwalimu akasimama. Shosho naye akasimama, ingawa sikuwa nimemtaja jina.

Wapima ardhi wa serikali walikuja baadaye, wakafuata bikoni zilezile alizotuonyesha guka, na vigingi vikang'olewa. Ombi la hoteli sijalisikia tena. Sasa tumo katika kusajili chama chetu cha msitu, kazi ya fomu nyingi na mikutano mirefu, na mpango wa usimamizi ambao lazima tuuandike pamoja na KFS kabla ya kutia saini makubaliano.

Bikoni moja bado hatujaipata, ile ya upande wa chemchemi ya juu. Guka anasema iko chini ya mti wa muiri ulioanguka. Jumamosi hii tunaingia saa moja asubuhi na mapanga, na daftari la tatu liko tayari mezani.