Usubi wa Jioni na Farasi Wetu wa Njoro

Jike langu la kwanza lilikufa mwezi wa Mei, mvua ilipokuwa imenyesha Njoro kwa siku nyingi mfululizo. Asubuhi ile saisi wetu, yaani mtunza farasi, aliniambia, “Mama, huyu hajagusa nyasi zake, na anahema haraka.” Nilidhani ni mafua, nikaagiza afunikwe blanketi. Kufikia alasiri povu jeupe lilikuwa likimtoka puani kwa wingi, na daktari wa mifugo alipofika alimkuta ameshaanguka.

Ulikuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule wa namna inayoshambulia mapafu, ambao huua farasi zaidi ya 9 katika kila 10 wanaoupata. Virusi vyake, vilivyo vya aina 9, haviambukizwi kwa pumzi wala kwa kugusana, bali huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo sana wanaozaliana kwenye matope na samadi yenye majimaji na kuuma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri. Iko namna nyingine inayoushika moyo, ambayo huenda polepole zaidi na kujulikana kwa uvimbe katika vishimo vilivyo juu ya macho. Dawa ya kuviua virusi hivyo haipo. Mgonjwa hupumzishwa, hutulizwa homa, na kungojewa.

Sisi wa Nakuru tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa pundamilia wamo mbugani hapa karibu, nao hubeba virusi hivi bila kuugua. Mwaka 1987 ugonjwa huu uliingia Uhispania pamoja na pundamilia waliotolewa Namibia. Sisemi hivyo ili pundamilia wachukiwe, maana hapa ni kwao tangu kabla ya farasi kuletwa. Nasema ili mwenye farasi asijidanganye kwamba ugonjwa umekwisha kwa sababu tu mwaka huu hajausikia kwa jirani.

Tangu msiba ule, farasi wetu huingizwa bandani kabla jua halijatua na hutolewa nje jua likiwa limepanda. Madirishani tumeweka wavu wenye matundu madogo mno, kwa kuwa usubi hupenya chandarua cha kawaida, na matope yaliyokuwa yakituama kando ya birika tumeyachimbia mfereji. Chanjo hutolewa kila mwaka kabla ya masika. Kwa kuwa hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, farasi aliyechanjwa hapandwi kwa kazi nzito kwa majuma kadhaa, na jike lenye mimba halichanjwi kabla ya kumuuliza daktari.

Lakini kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni kipimajoto. Joto la farasi mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na katika ugonjwa huu homa mara nyingi hupanda kabla ya kikohozi na povu kuonekana. Lau tungempima jike yule jioni ya kuamkia siku ile, huenda daktari angeitwa mapema, na hata kama asingepona, asingeachwa ahangaike siku nzima chini ya blanketi nililoagiza mimi.

Sasa saisi hupima asubuhi na jioni na kuandika katika daftari lililotundikwa mlangoni. Jana jioni, mvua ikinyesha, yule mdogo alikuwa na 38.1, akamaliza nyasi zake zote.