Gorogoro Yangu Ilivyoniweka Karibu na Mungu

Nimeuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, soko la Kibuye, hapa Kisumu, miaka sita sasa. Mitano ya kwanza nilijua Mungu ni wa misa na wa sala ya kulala. Katikati ya hapo nilikuwa mimi na magunia yangu.

Ushauri niliopewa wa kumkaribia zaidi ulinichosha kuliko kazi yenyewe. Mama mmoja wa kikundi chetu aliniambia, "Usipopata saa nzima ya utulivu asubuhi, hujampa Mungu nafasi." Utulivu upi? Nina watoto watatu, chumba kimoja Manyatta, na saa kumi na moja alfajiri niko njiani. Mwingine akasema niweke kengele ya simu kila saa, ikilia nifumbe macho niombe. Hiyo niliijaribu kwa moyo wote, karibu wiki mbili.

Jumapili moja, siku ambayo Kibuye hufurika, nilikuwa nampimia mama wa hoteli gorogoro kumi na mbili, yaani ile mikebe yetu ya kupimia. Kengele ikalia, nikafumba macho. Nilipofumbua sikukumbuka tulikuwa tumefika ya ngapi. Mimi nikasema saba, yeye akaapa ni tisa. Ikabidi tumwage omena yote kwenye turubai tuanze upya, na waliokuwa nyuma yake wakahamia kwa jirani. Nilikaa na hasira mpaka jioni. Kilichoniuma si hasara. Ni kwamba hasira ile ilianzia kwenye maombi.

Kengele nikaifuta. Baadaye padre akatusimulia habari za Ndugu Lawrence, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Alikuwa askari, akaumia mguu, akaingia utawani wakamweka jikoni, kazi ambayo wala hakuipenda. Akazoea kuzungumza na Mungu palepale kwenye masufuria. Lakini mimi nilishika jambo moja tu: mwenyewe alikiri kwamba miaka kama kumi ya mwanzo ilikuwa ya kuhangaika. Nikapumua.

Sasa nieleze ya gorogoro. Wauzaji wenzangu wanajua: omena kavu ni nyepesi, ukiimimina polepole inasimama wima na kuacha matundu. Ukiuacha ukingo wa kiganja ndani ya mkebe, umeokoa konzi nzima. Wengine hugonga kitako cha mkebe kiingie ndani. Changu sikukigonga, lakini kiganja, ndiyo, nilikiacha. Basi nikaamua kila mkebe unapozama guniani, kabla haujatoka, niseme, "Uko hapa." Maneno mawili tu, vidole vikichomwachomwa na vichwa vya omena. Halafu natikisa mkebe ushikane, naongeza mpaka kilele kianze kuporomoka. Jaribu uone kama unaweza kumwambia Mungu "Uko hapa" huku kiganja kimejificha ndani ya mkebe. Mimi nilishindwa, nikakitoa.

Siku nzuri napima mara sitini, sabini hivi. Sijawahi kusali mara sabini kwa siku maishani mwangu! Hata lile neno la wateja, "niongezee", lililokuwa likinikera, sasa nikitupia konzi ya juu nasema kwa Kijaluo, "Erokamano, Nyasaye," asante, Mungu. Mchana soko likipoa nachambua mchanga na konokono, mawazo yanakimbilia karo. Siyafukuzi tena. Namwambia karo yenyewe, kiasi gani na mwisho lini.

Kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa, ndipo maneno yale huwa mazito mdomoni. Bei inapanda na kila konzi ni pesa. Mei iliyopita gunia lilikuwa robo tu, akaja nyanya mmoja na hela isiyofika hata nusu gorogoro. Nikazamisha mkebe, nikasita, nikasema kwa sauti bila kujua, "Uko hapa."

Yule nyanya akaitika, "Niko, mwanangu."

Nikampimia mpaka ikamwagika.